Kuungua kwa Gasketi ya Injini: Namna ya Kuyakinisha na Kutengeneza



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jambo linalokula akiba za wanachama kimyakimya, nalo ni kuungua kwa gasketi ya injini, hasa katika motokaa za mwendo mkali ambazo ndugu zetu wengi wamezipenda, yaani Subaru Impreza na Subaru Forester zenye tabo. Sisi si mafundi. Kazi yetu ni kalamu na karatasi. Lakini kwa kuwa tumekabidhiwa daftari la mikopo ya Chama, tumeona jina moja likiandikwa mara mbili kwa gasketi ya motokaa moja, na deni la kwanza halijalipwa hata nusu. Hilo lilitufanya tuulize, tusome vitabu vya injini hizo, na tusimame kando ya mafundi hodari wakiwa kazini. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

Huenda wako watakaouliza: Je, habari ya gasketi yahusu nini chama cha watumishi? Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, walikusudia watumishi wasaidiane. Mtumishi anayekatwa mshahara mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya injini iliyofunguliwa pasipo sababu, huyo hana la kumsaidia mwenziwe, wala hana la kuwapelekea watoto wake shule. Basi jambo hili ni letu.

Neno tulilo nalo ni moja, na mengine yote yatalifuata: gasketi isihukumiwe bila ushahidi, na ushahidi ukipatikana, hukumu isicheleweshwe.

Tutoe mifano miwili, pasipo kutaja majina. Ndugu mmoja wa upande wa Kinondoni alikuwa na Impreza iliyochemka katika msongamano wa Barabara ya Morogoro. Siku ile ile aliambiwa kwamba gasketi imeungua. Injini ikashushwa, hedi zikachongwa, fedha zikatoka. Baada ya majuma matatu motokaa ikachemka tena mahali pale pale. Fundi wa pili alipoipima aliona kwamba feni moja kati ya mbili za rejeta haizunguki kabisa. Gasketi za kwanza zilikuwa zimekwisha kutupwa, hata hapana awezaye kusema kama zilikuwa mbovu au nzima.

Ndugu wa pili akaa Mbagala, naye ana Forester. Kila asubuhi aliongeza maji, na kila jioni chupa ya akiba ilifurika. Alishauriwa aendelee kuongeza maji, tena themostati itolewe ili injini ipoe. Akaenda hivyo katika Barabara ya Kilwa kwa miezi mitano, akichemka na kupoa, kupoa na kuchemka, mpaka siku moja injini ikanoki. Ilipofunguliwa ikaonekana gasketi ya upande mmoja ina njia nyeusi ya moshi iliyofika mpaka kwenye tundu la maji. Kazi ya gasketi ikawa kazi ya injini nzima. Na motokaa ile ingali imesimama juu ya mawe uani, ilhali mshahara ungali unakatwa.

Ndugu wa kwanza alihukumiwa bila ushahidi. Wa pili ushahidi ulikuwapo mbele ya macho, ukapuuzwa. Makosa haya mawili yaonekana kuwa kinyume, lakini asili yake ni moja, yaani kutokupima.

Sasa tutazame motokaa hizi zafikaje kwetu. Aghalabu zatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu motokaa ya mtumba iliyozidi umri wa miaka 8. Kwetu hapana katazo kama hilo, bali motokaa kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo mtumishi aweza kununua Forester iliyoundwa mwaka 2003, na mipira ya maji, rejeta na gasketi zake zikawa na umri wa zaidi ya miaka 20. Sifa ya Subaru katika Afrika ya Mashariki si ya bure: Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Lakini tukumbuke kwamba motokaa za mashindano hufuatwa na mafundi na spea kila kituo. Zetu hufuatwa na mkopo.

Injini ya motokaa hizo, ya jamii iitwayo EJ, ilitokea mwaka 1989. Ina silinda 4 zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, kama watu wanne waliolala miguu yao ikikutana katikati. Kila upande una kifuniko chake cha aluminiamu ambacho mafundi hukiita hedi. Kwa hiyo injini moja ina hedi mbili na gasketi mbili. Tabo nayo ni kipepeo kinachozungushwa na moshi utokao, ili kisukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda na kuongeza nguvu.

Gasketi ni bamba jembamba lililowekwa kati ya hedi na bloku. Kazi yake ni kutenga vitu vitatu visivyopatana: moto, maji na mafuta. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 2,000, na katika injini yenye tabo msukumo wake waweza kupita mara 60 ya msukumo wa hewa ituzungukayo. Kando yake, kwa umbali mdogo sana, hupita maji ya kupoza ambayo msukumo wake ni kama ratili 16 tu kwa inchi ya mraba. Basi gasketi ni mpaka kati ya jirani mwenye nguvu na jirani mnyonge. Mpaka ukivunjika, mwenye nguvu ndiye aingiaye kwa mnyonge: moshi wa silinda huingia katika maji, huyasukuma nje, na mahali pa maji hukaa hewa, nayo hewa haipozi injini.

Jambo hili ndilo liwapotezalo watu wengi. Wao husikia kwamba gasketi ikiungua mafuta huwa meupe kama maziwa. Basi hufungua kifuniko cha mafuta, wakiona mafuta ni safi hufurahi. Katika injini za EJ zenye tabo, mara nyingi mpaka unaovunjika ni ule wa moto na maji, si ule wa maji na mafuta. Mafuta yaweza kubaki safi kabisa na gasketi ikawa imekufa. Tena utando mweupe kidogo chini ya kifuniko waweza kuwa unyevu tu wa motokaa inayokwenda safari fupi fupi bila kupata moto. Kwa hiyo maziwa si hukumu, wala kukosekana kwake si msamaha.

Injini za EJ25 zisizo na tabo, za lita 2.5, zina tabia nyingine. Kipenyo cha silinda katika EJ20 ni milimita 92, na katika EJ25 ni milimita 99.5, hali nafasi kati ya silinda na silinda haikuongezwa. Hivyo ukuta uliobaki ni mwembamba zaidi. Nyingi za miaka ya kwanza ya 2000 huvuja kwa nje, maji au mafuta yakidondoka chini ya hedi. Kampuni yenyewe huko Marekani iliwahi kuwaita wenye motokaa hizo watiliwe dawa maalum katika maji ya kupoza. Uvujaji wa nje huonekana kwa macho. Ule wa ndani ndio utakao akili zaidi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya gasketi ni haya. Maji hupungua wala hapana tone chini ya motokaa. Chupa ya akiba hufurika baada ya safari ya kasi, na injini ikipoa maji hayarudi yote katika rejeta. Mapovu huendelea kutoka katika chupa hata baada ya hewa yote kutolewa. Mshale wa joto hukaa mahali pake motokaa ikienda polepole, lakini hupanda ghafula ukiibana tabo, kisha hushuka ukiacha. Mpira wa juu wa maji huwa mgumu kama jiwe muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Asubuhi injini hutetemeka kidogo kana kwamba silinda moja imelala, kisha hutengemaa. Moshi mzito mweupe huendelea kutoka nyuma hata injini ikiwa imepata moto. Na dalili moja ambayo sisi wa Dar es Salaam hatuitazami kwa kuwa hatuna haja ya kuota moto ndani ya motokaa: ukifungulia hewa ya moto wakati injini imechemka, ikatoka hewa baridi, ujue mna hewa mahali pa maji.

Lakini mawingu si mvua. Karibu kila dalili katika hizo yaweza kuletwa na kitu kingine ambacho bei yake ni ndogo. Kwa hiyo kabla ya mtu kutamka neno gasketi, yafaa atazame mambo matano.

La kwanza ni feni. Ziko mbili, zizunguke zote mbili. Motokaa inayochemka katika foleni na kupoa ikienda mwendo, mshitakiwa wa kwanza ni feni, maana barabarani upepo hufanya kazi yake.

La pili ni rejeta. Wengi wetu hutia maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi hula aluminiamu na kutu huziba njia za rejeta. Motokaa inayochemka ikipanda mlima au ikienda kasi, na katika foleni haina neno, mara nyingi rejeta yake imeziba. Kulanti si rangi ya kupendeza. Ni kinga ya kutu, na huongeza kiwango cha joto ambacho maji hayachemki.

La tatu ni vifuniko. Kifuniko cha rejeta si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kina springi inayoshika msukumo. Dar es Salaam iko ukingoni mwa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Yakishikwa kwa ratili 16 huvuka nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Springi ikilegea, injini huchemka ingawa haina ugonjwa. Katika Subaru nyingi zenye tabo mna vifuniko viwili, kimoja juu ya rejeta na kimoja juu ya tangi dogo la juu, navyo havina nguvu moja. Vikibadilishana mahali, maji hupita njia isiyo yake, na mwenye motokaa huambiwa kwamba gasketi imeungua.

La nne ni hewa iliyonaswa. Kwa kuwa injini imelala, hewa hujificha ndani yake kwa urahisi. Ukijaza maji, jaza kupitia tangi la juu, polepole, pua ya motokaa ikiwa imeinuliwa, na kizibo kidogo cha kutolea hewa juu ya rejeta kikiwa wazi mpaka maji yatoke bila mapovu. Motokaa iliyobadilishwa mpira mmoja tu wa maji yaweza kuchemka juma zima kwa sababu hii.

La tano ni themostati. Katika injini hizi huanza kufunguka kwa nyuzi 76 hadi 80, na hufunguka yote kwa nyuzi 91. Ni bawabu: huzuia maji mpaka injini ipate moto, kisha huyaruhusu. Ikikwama, ibadilishwe. Lakini kuitoa na kuacha mahali pake wazi ni kumfukuza bawabu kwa sababu mwizi aliingia dirishani. Injini huenda ikiwa baridi mno asubuhi, hula petroli zaidi, hujila yenyewe, na ugonjwa wa kweli hufichwa mpaka uwe mkubwa.

Kama mambo hayo matano yametazamwa na motokaa ingali ikichemka, ndipo tuje kwenye vipimo. Viko vitatu ambavyo gereji ya kawaida yaweza kuvifanya, hata iliyo chini ya mwembe.

Kipimo cha kwanza ni pampu ya msukumo. Injini ikiwa baridi, kifuniko hutolewa, pampu ya mkono hufungwa mahali pake, na maji husukumwa mpaka kiwango cha kifuniko chenyewe, kisha hungojwa dakika 15. Mshale usiposhuka, vema. Ukishuka na tone likaonekana nje, mna tundu la nje. Ukishuka na hapana tone, plagi zitolewe, na injini izungushwe bila kuwashwa: silinda itakayotema maji imejishitaki yenyewe.

Kipimo cha pili ni maji ya buluu. Ni chupa ya kioo yenye dawa ya rangi ya buluu, nayo huwekwa juu ya mdomo wa rejeta au wa tangi wakati injini ingali baridi na maji yamepunguzwa kidogo. Kisha injini huwashwa ipate moto, na hewa itokayo juu ya maji huvutwa ipite katika dawa. Hewa ya kawaida haiibadilishi. Moshi wa silinda, ulio na hewa ya ukaa, huigeuza kuwa manjano. Tufahamu kwamba gasketi inayovuja kidogo huenda isivuje motokaa ikiwa imesimama tu. Kipimo kirudiwe baada ya motokaa kwenda safari yenye kazi na kupoa.

Kipimo cha tatu ni kupuliza silinda. Pistoni huwekwa juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, na hewa ya kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi. Fundi husikiliza na kutazama. Hewa ikisikika katika ekzosi, vali ina kasoro. Ikisikika kwenye kifuniko cha mafuta, ringi zimechoka. Mapovu yakitokea katika maji, gasketi imevunjika au hedi ina ufa. Faida ya kipimo hiki ni kwamba huonyesha upande: silinda 1 na 3 ziko kulia kwa aliyekaa ndani ya motokaa, 2 na 4 ziko kushoto. Geji ya kupimia mgandamizo pekee haitoshi, kwa sababu tundu dogo lipitishalo mapovu laweza kukuletea namba nzuri katika silinda zote.

Vipimo viwili vikikubaliana, basi imetosha. Hapo mwenye motokaa asiende nayo hata safari moja zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mara injini ichemkapo, aluminiamu ya hedi hupinda kidogo zaidi, mafuta huwa mepesi kama maji, na beringi husagika. Unga wa kuziba unaouzwa katika makopo hauwezi kuusimamisha moto wa nyuzi 2,000. Lakini njia nyembamba za rejeta huziziba kweli kweli.

Hapa tuseme neno la uhai. Kifuniko cha injini iliyochemka kisifunguliwe kamwe. Maji yaliyoshikwa kwa msukumo yakiachiliwa hugeuka mvuke mara moja na kumrukia mtu usoni. Zima injini, kaa kando, ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono mtupu. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto, maana hedi huweza kupata ufa.

Sasa matengenezo. Hatutawafundisha mafundi kazi yao, lakini mwenye kulipa yafaa ajue ya kuuliza.

Injini ifunguliwe ikiwa baridi, na bolti zilegezwe kidogo kidogo kwa kinyume cha mpango wa kukazia. Nyuso za hedi na bloku zisafishwe kwa mkono na kikwaruzo kisichochimba. Jiwe la kuzunguka la umeme lisitumiwe juu ya bloku, kwani unga wake huingia katika njia za mafuta, ukafika kwenye beringi. Huenda injini ikatoka gereji ikiimba na kunoki baada ya mwezi mmoja, na watu wakalaumu gasketi mpya.

Kisha upimwe unyoofu. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso, na bamba la kupimia hupitishwa chini yake. Mpaka uliozoeleka kwa injini hizi ni milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa kichwa cha watu wengi. Hedi ikizidi hapo huchongwa, nazo hedi zote mbili zichongwe sawa. Lakini bloku nayo ipimwe. Kuchonga hedi na kuiacha bloku imepinda ni kupiga pasi upande mmoja wa shati. Hedi ipimwe ufa pia, kwa maji au kwa hewa, kabla ya fedha ya gasketi kutoka.

Gasketi ifaayo kwa injini yenye tabo ni ile ya mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ya kiwanda kijulikanacho. Haitaki silikoni juu yake. Inataka nyuso mbili safi, kavu na nyororo. Matundu ya bolti yapulizwe mpaka yakauke. Mafuta au maji yakibaki chini, bolti ikishuka huyakandamiza yakapasua bloku.

Kila hedi ya EJ ina bolti 6, na ukazaji wake ni kama ibada yenye utaratibu. Nyuzi za bolti na washa zake hupakwa mafuta. Zikazwe kuanzia katikati kuelekea nje, kwa spana ya kupimia nguvu. Katika injini nyingi za jamii hii hukazwa kwanza nyutoni-mita 29, kisha 69, ndipo zote hulegezwa nusu mzunguko, tena nusu mzunguko. Halafu hukazwa upya kwa nguvu ndogo iliyoandikwa kitabuni, na mwisho kila bolti huzungushwa nyuzi 80 hadi 90, mara mbili. Kitabu cha injini yenyewe ndicho hakimu, kwani namba hubadilika kwa namna ya injini. Fundi asemaye kwamba mkono wake ni spana tosha, mwambie kwamba bolti 12 haziwezi kukubaliana juu ya mkono wa mtu aliyechoka.

Injini ikiwa chini, mkanda wa taimingi, pampu ya maji na themostati vibadilishwe kama umri wake haujulikani. Ni kazi ya saa chache wakati huo, na ni kuishusha injini upya siku nyingine. Baada ya kufunga, mafuta mapya, kulanti mpya, hewa itolewe kama tulivyosema, na mafuta yabadilishwe tena mapema.

Lakini kazi haijaisha, ndugu zetu, na hapa ndipo jina huandikwa daftarini mara ya pili. Gasketi haiungui kwa kupenda kwake. Ni lazima aulizwe aliyeiunguza. Huenda ni rejeta iliyoziba, nayo imerudishwa ilivyo juu ya injini mpya. Huenda ni tabo iliyoongezwa msukumo na kijana mpenda mbio, ilhali petroli haikuongezwa ipasavyo. Huenda ni petroli yenyewe: injini nyingi za nguvu zilipangwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa kawaida ni ya oktani 100, ikitiwa ya daraja la chini na kubanwa kwa nguvu, moto huwaka kabla ya wakati wake na kuipiga hedi kama nyundo. Gasketi mpya juu ya sababu ya zamani ni mkopo mpya juu ya deni la zamani.

Bwana Mwenyekiti, kwa hayo twaleta mapendekezo manne, tukiomba yajadiliwe na kupigiwa kura.

Kwanza, asipewe mwanachama mkopo wa kufungua injini mpaka alete karatasi yenye tarehe na sahihi ya fundi, yenye majibu ya vipimo visivyopungua viwili, na kwamba yale mambo matano yametazamwa. Karatasi hiyo si ya kumtilia fundi shaka. Fundi hodari ataipenda, kwani itamlinda na lawama.

Pili, karatasi ikisha kuthibitisha, mkopo utolewe ndani ya siku tatu, usingoje kikao cha mwezi. Ndugu wa Mbagala alisitasita kwa kuwa hakuwa na fedha. Na kila siku aliyosita iliongeza deni.

Tatu, gasketi za zamani zirudishwe kwa mwenye motokaa, naye azilete kwenye ofisi ya Chama. Alama ya moshi juu ya chuma ni shahidi asiyesahau. Tukizitunza na kuziandika, wanachama watakaofuata watasoma kwa macho yao.

Nne, Chama kinunue pampu moja ya msukumo na chupa moja ya kupimia yenye dawa yake, vikae mwezi mmoja Kinondoni na mwezi mmoja Temeke, na mwanachama aviazime bila malipo. Kwa hesabu yetu, vyote viwili havifikii gharama ya kuishusha injini moja na kuirudisha. Na kwa kuwa chuo cha VETA kipo Chang'ombe, papa hapa Temeke, nacho hufundisha ufundi wa magari, Kamati yaweza kuwaomba walimu wake watuonyeshe siku moja namna ya kuvitumia.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote ni kutokununua motokaa za tabo. Hatuwapingi, motokaa ndogo isiyo na tabo hufika kazini saa ile ile. Lakini walionazo wamekwisha kuzinunua, na wajibu wetu ni kwa mtu aliye mbele yetu na deni lake. Yeye hana haja ya kuchekwa. Ana haja ya kujua, kabla ya kutia sahihi, kama fedha yake itaponya kitu au itapotea.

Tumesema kwa kadiri ya tulivyojifunza. Mafundi waliomo humu watusahihishe palipo na upungufu, na wenye maswali wayalete.